Kengele ya Chumba cha Mtoto

11 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Anayekuandikia ni binti wa dada yako, yule uliyekuwa ukimwita Kipilipili kwa ajili ya nywele zake. Nimeshakuwa mama wa watoto wawili, usicheke. Anwani yako nimepewa na jirani yenu wa zamani, fundi cherehani. Ndiye aliyeniambia kwamba mitambo ya kiwandani imekuziba masikio na kwamba simu umeikataa kabisa, ukasema ni ya wanaosikia. Basi nimenunua bahasha.

Sisi tupo. Mume wangu anafunga umeme kwenye nyumba za watu, mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo. Binti yetu ana miaka sita. Tunamwita Kiherehere, na huo mchoro uliomo ndani ya bahasha ni wake, hakukubali barua iondoke bila mchoro. Mama anakaa nasi tangu nijifungue. Magoti yanamsumbua, ulimi mzima.

Wa pili ni mvulana wa miezi minne. Tunamwita Bosi, maana akikohoa tu wote tunasimama wima. Na hapo ndipo lilipo neno langu, Mama Mdogo. Anakohoa sana. Mdomoni ana utando mweupe. Nafuta, napaka dawa, unaondoka, unarudi. Uzito hauongezeki. Kliniki wameshanichoka. Nikitokea tu mlangoni muuguzi anasema, "Umekuja tena, Mama Bosi?" kama vile nafuata chai.

Juzi tukapelekwa hospitali kuu kwa daktari mwingine, mwanamke mwenye sauti ya chini. Huyu hakunifokea. Aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Upande wa mama yako, kuna watoto wa kiume waliofariki wakiwa wachanga?" Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Akajibu kabla sijafungua mdomo: "Kwetu hakuna."

Mimi nilikuwa mdogo lakini nilikuwa na macho. Nakumbuka ulikuja kwetu na mtoto mgongoni, umemfunga kwa kitambaa cha njano. Nakumbuka nilimshika kidole cha mguu akakikunja. Halafu sikumbuki tena kitu, na wewe mwenyewe sikukuona tena.

Jambo jingine: Mama ananiandama nimwachishe Bosi ziwa nimpe maziwa ya kopo. Nikimuuliza kwa nini, anakwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Niandikie, hata mstari mmoja. Usingizi umenipita tangu jana, kama mwandiko unayumba unisamehe.

Mwanao,
Kipilipili


19 Machi

Mwanangu Kipilipili,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa karani wa kiwanda mpaka nilipopita kuulizia jambo jingine kabisa. Hakuna anayeniandikia, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuniita. Na hata wangeniita nisingesikia, kwa hiyo lawama tugawane.

Mimi naendelea. Kwenye mitambo ya kufuma wamenitoa, sasa nakagua magunia yaliyokwisha. Napitisha kiganja, uzi ukiwa umeruka naujua. Mikono bado inafanya kazi kuliko sehemu nyingine zote. Chumba changu ni cha mwisho kwenye korido, dirisha moja, jiko la mafuta la utambi mmoja. Wapangaji wenzangu wamezoea kunigusa bega. Wasiojua wananiona nina maringo.

Nafurahi una watoto. Mwambie Kiherehere mchoro nimeupata na nimeubandika ukutani, ila sijajua kama ni ng'ombe au ni kiti.

Hilo la daktari sina la kuongeza. Dada yangu akisema hakuna, basi hakuna. Yeye ndiye mkubwa, na ya nyumba ile ndiye aliyekuwa akiamua yapi yalitokea na yapi hayakutokea.

Usimwachishe ziwa.

Nimesimama tangu asubuhi na miguu imevimba, nisamehe kwa ufupi.

Mama yako mdogo


14 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Ni ng'ombe. Kiherehere amekasirika siku mbili.

Nakuandikia nikiwa wodini, karatasi nimeiweka juu ya kabati dogo la kitanda, penye chupa ya dawa na soksi moja ya Bosi, nyingine imepotelea kwenye mashuka. Tumelazwa. Kifua kimembana, wanampa hewa kwa mrija wa puani na ameuchukia mrija huo kama ulimtukana. Anashinda akijaribu kuutoa. Mimi nashinda nikimshika mikono, mpaka yeye analala na mimi nalala nimekaa.

Mambo ya nyumbani yako shwari. Fundi analala kwenye nyumba anazofunga umeme ili awe karibu na barabara ya hospitali. Kiherehere anakula kwa jirani na anatuambia kule wanapika vizuri kuliko mimi. Usiwe na wasiwasi wa gharama, daktari anasema kuna mfuko wa watoto wa aina hii. Sikukuandikia ili nikuombe chochote cha namna hiyo.

Ninachokuomba unakijua. Nimekiona kwenye barua yako, Mama Mdogo. Mtu asiyekuwa na la kuongeza haongezi "usimwachishe ziwa" na kuuacha mstari ukae peke yake.

Nikamvizia Mama kwenye korido. Nikamwambia, "Mama, kile kitambaa cha njano."

Akasema, "Kitambaa gani? Vitambaa vya njano vimejaa duniani."

"Cha Mama Mdogo."

"Wewe hujalala. Nenda ukalale, nitamshika mimi." Akamchukua Bosi, akanigeuzia mgongo, akaanza kumwimbia kwa nguvu ili nisipate pa kuingizia neno.

Daktari ameniambia hivi. Kuna namna nyingi za ugonjwa unaofanya mwili wa mtoto ushindwe kujikinga, na kila namna ina kipimo chake, na damu inasafirishwa mbali kwenda na majibu kurudi. Akianza kupapasa huku na huku, wiki zinaondoka na Bosi hana wiki za kuchezea. Akijua kilichotokea kwa wavulana wa upande wetu, atajua pa kuanzia. Ndivyo alivyosema: "Nipe pa kuanzia tu."

Tena bega. Pale alipochomwa chanjo alipozaliwa pamefumuka upya, na kwapani kuna tezi. Nilipomwonyesha daktari, alivuta taa karibu akapatazama mara mbili.

Mwanangu anazidi kuwa mwepesi. Nikimnyanyua mkono wangu unapanda juu kuliko nilivyokusudia.

Kipilipili


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Niombee radhi kwa Kiherehere. Nimeandika "ng'ombe" kwa kalamu chini ya mchoro, ili mgeni mwingine asikosee.

Barua yako nimekaa nayo. Nimekwenda nayo kazini kwenye mfuko wa aproni, nimerudi nayo. Msimamizi ameniuliza kama nimepata msiba. Nimemwambia msiba ni wa zamani, ila umefika leo kwa posta.

Msomee daktari haya.

Nilizaa wawili, wote wavulana, wote walizaliwa wanene. Wa kwanza alifika umri wa kukaa akiwekewa mto nyuma. Wa pili hakufika. Wote wawili midomo ilikuwa na utando mweupe usiokwisha. Wote wawili walikohoa, walihara, walikonda. Wote wawili sindano ya begani haikukauka, ilifanya kidonda, na kwapani ikaota tezi kubwa kama yai la njiwa. Ulipoandika "bega" nilikaa chini palepale kwenye korido, jirani akafikiri nimeanguka.

Wa kwanza alipokufa watu walisema pole. Alipoanza kuugua wa pili walisema maziwa yangu ndiyo yanayowaua. Nani alianza kusema sijui. Maneno ya namna hiyo hayana mwenyewe, yanaingia nyumbani kama vumbi. Si mama yako aliyeanza. Lakini ndiye aliyekuja na kopo na chupa, akamtoa mtoto mikononi mwangu, akaenda naye chumba cha pili akafunga mlango. Maziwa yananichuruzika kifuani, mtoto analia upande wa pili wa ukuta. Wakati ule nilikuwa nasikia vizuri sana.

Alifia huko, tumboni ana maziwa ya kopo, si yangu. Hakuna aliyelitafakari hilo. Nilisubiri mtu mmoja tu aseme. Hakusema mtu, nikaondoka. Sikuzaa tena kwa sababu niliogopa kifua changu mwenyewe.

Usimgombeze mama yako kwa haya. Alikuwa anataka kumwokoa, najua, na hiyo ndiyo iliyonichosha. Mtu aliyekukosea kwa nia njema huwezi hata kumchukia ukamaliza.

Nimeandika. Sasa niacheni.


23 Juni

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijui nianze wapi. Tuko nyumbani kwa muda. Kifua kimetulia kwa dawa, na daktari kasema hapo wodini panapolala watoto wengi si mahali pa Bosi, kila kikohozi cha jirani kwake ni risasi. Kiherehere ameng'oka jino na analificha kila siku mahali papya.

Daktari aliisoma barua yako akiwa amesimama. Alipofika kwenye bega akaweka kalamu mezani. Akasema, "Huyu mama amenipa pa kuanzia." Akaagiza kipimo kimoja tu, na jibu limerudi, ni ugonjwa uleule aliouhisi.

Nitakueleza nilivyoelewa, nawe unajua shule niliiacha mapema. Damu ina chembe zinazolinda mwili, kama askari. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba askari hao wanapokea habari kwa ngozi zao. Kwenye ngozi ya kila chembe vimesimama vitu vidogo vinaitwa vipokezi, nusu ya kila kimoja iko nje, nusu iko ndani. Ujumbe unakuja unaelea kwenye damu, unagusa ile nusu ya nje. Ile ya ndani inashtuka, inamshtua jirani yake, jirani anamshtua jirani, mpaka habari ifike katikati ya chembe ambako amri zinatolewa. Ongezekeni. Piganeni. Au basi, imetosha, tulieni. Maana vipo vipokezi vya kutuliza pia. Daktari anasema bila hivyo askari wangemaliza adui kisha wakatugeukia sisi wenyewe.

Fundi alikuwa ameketi kando yangu. Akasema, "Hiyo ni kengele ya geti. Kitufe nje, waya ukutani, mlio ndani."

Daktari akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka. "Ndiyo hiyo. Sasa mwanao kuna kipande hana. Na kipande hicho kinatumika kwenye vipokezi vya namna sita. Kikiharibika hicho kimoja, kengele sita zinakufa pamoja. Kuna askari wanaohitaji kuitwa hata ili wakue. Wa Bosi wanaitwa kila siku, hawasikii, hawakui."

Fundi akasema, "Si tubadilishe kitufe?"

"Vitufe viko mamilioni, Fundi. Inabidi tubadilishe kiwanda chenyewe." Kiwanda ni uboho, ute ulio ndani ya mifupa. Unatoka kwa ndugu anayelingana naye, unawekwa kwake, unaanza kutoa askari wanaosikia. Wametupima sote. Anayelingana ni Kiherehere! Tangu aambiwe hakamatiki. Jana nimemkuta anamwambia mwenzake uani, "Mimi mifupa yangu inasikia, ya kwako je?"

Na ile chanjo haina kosa, inawakinga watoto wengine wote. Ni kijidudu hai kilichodhoofishwa, mwili wa kawaida unakishughulikia bila shida. Mwili usiosikia kengele unakiacha kitembee.

Sasa sikiliza, Mama Mdogo. Maelekezo ya kutengeneza kipande hicho mwanamke anayabeba mara mbili. Moja likiwa bovu, lile zima linamtunza, hajui hata kama ana kitu. Mvulana anapata moja tu, kutoka kwa mama yake. Likimwangukia bovu, basi. Kwetu limetoka kwa Bibi. Likaenda kwako. Likaenda kwa Mama pia, ila Mama alizaa mabinti watupu. Likaja kwangu.

Si maziwa. Nilimuuliza daktari kwa mdomo wangu, nikamwambia kuna mtu anataka kujua. Yangu yamepimwa hata, ni mazuri, ndiyo chakula pekee Bosi anachokubali bila ugomvi.

Hapa nyumbani Fundi amefunga kengele kwenye mlango wa chumba cha Bosi. Ukitaka kuingia unabonyeza, unasubiri, mimi namfunika, nafungua, unanawa kwenye beseni, unavaa kitambaa cha mdomo, ndipo unapita. Wote wanafuata isipokuwa Mama. "Mimi nibonyeze kengele? Kwa mtoto niliyempokea kwa mikono hii?" Anachofanya anasimama nje anakohoa ili nijue yuko pale. Kukohoa, Mama Mdogo! Mlangoni pa mtoto huyu! Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Hajajua kwamba nakuandikia.

Kipilipili wako


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba kwenu wote. Huku wamepunguza watu, mimi nimebaki. Mguu wa kushoto unaniuma.

Ile sehemu ya maziwa, umesema daktari alisema. Wewe una moyo wa huruma tangu utotoni, ulikuwa unawaongopea hata kuku usiku wa kuamkia kuchinjwa. Sitaki huruma. Nataka daktari aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Mstari mmoja.

Mama yako mdogo


5 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kikaratasi cha daktari kimo humu ndani. Hakuuliza kwa nini. Alivuta karatasi, akauliza, "Anasoma vizuri au niandike kubwa?" Akaandika kubwa. Mwandiko wake mbaya, lakini nimekaa naye mpaka kila neno likasomeka, na mwishoni akaongeza mstari ambao mimi sikumwomba: kwamba ungewapa wanao maziwa ya dunia nzima, au ungewanyima yote, ingekuwa vilevile. Amesema watoto wako hawezi kuwapima tena, ila kwa ulivyoeleza hana mashaka.

Nilimwambia Mama. Sikupanga. Tulikuwa tunakunja nguo, akaanza tena, "Ungenisikiliza ukampa kopo mapema," nikaishiwa nguvu. Nikamwambia yote: barua, bega, chumba cha pili, kipande kibovu, Bibi. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu hata ya kugombana sikuwa nayo. Akaendelea kukunja. Akauliza, "Kwa hiyo na mimi ninacho?"

Nikasema, "Inaelekea."

"Na kama ningezaa wavulana badala yenu..."

"Ndiyo, Mama."

Akakunja kitambaa cha mdomo cha Bosi mara nyingi, mpaka kikawa kidogo kama sabuni. Tangu siku hiyo anafanya kazi za nyumba kama anafukuzwa. Masufuria yote yanang'aa. Nilimwambia, andika neno kwa mdogo wako, nitalitia kwenye bahasha yangu. Alikaa na kalamu. Karatasi ikarudi tupu. Siwezi kukudanganya, hata kwa moyo wa huruma.

Kesho kutwa tunaingia hospitali, mimi na Bosi na Kiherehere. Atalazwa usingizi kidogo wamtoe uboho kwenye nyonga. Ameuliza kama utaisha. Nimemwambia unaota tena. Ameuliza, "Na wa Bosi ukiota, utakuwa wangu au wake?" Nikamwambia wenu.

Daktari hakunificha kitu. Unaweza usishike. Ukishika, kuna hatari askari wapya wakamwona Bosi mwenyewe ndiye mgeni. Inabidi zile kengele za kutuliza nazo zifanye kazi. Nina watoto wawili na wote wawili nawapeleka. Nimechoka mpaka woga wenyewe umelala. Bado naamini, sijui kwa nini, labda kwa sababu Bosi leo amecheka na pangaboi linalozunguka darini.

Tukumbuke.

Kipilipili


17 Oktoba

Mwanangu,

Kwanza niambie Kiherehere yuko salama. Andika hilo kabla ya mengine yote. Halafu Bosi.

Karatasi ya daktari nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nimesimama. Nikaitia chini ya godoro, nikaitoa, godoro si mahali pake. Iko ukutani karibu na ng'ombe.

Nilifikiri nitalia. Nililala. Nililala siku ya mapumziko nzima, jirani akaja kunigusa bega kama niko hai.

Mwambie dada yangu simwombi anitake radhi, na mimi sina radhi ya kutoa kwa posta. Nataka kitu kimoja. Humu ndani nimetia kikaratasi. Nimeandika majina ya wanangu, la wa kwanza na la wa pili. Tangu niondoke kwenu hakuna aliyeyataja. Mimi nayataja, lakini siyasikii tena hata nikiyasema mwenyewe, naona mdomo tu kwenye kioo. Namtaka ayasome kwa sauti ndani ya nyumba yenye watu. Mara moja inatosha.

Akikataa, choma karatasi, usinirudishie.


12 Desemba

Mama Mdogo,

Kiherehere yuko salama. Nyonga ilimuuma siku chache akataka abebwe mpaka chooni, sasa anaruka kamba.

Bosi yupo. Alipata joto, alipata vipele mwili mzima, kukawa na wiki ambayo daktari alikuwa anaingia chumbani bila kunitazama usoni. Nisingependa kuiandika wiki hiyo. Mama alikuwa nje ya kioo cha chumba kila siku, kwenye benchi, na magoti yake yale. Halafu vipele vikalainika. Mdomo ukawa mwekundu, Mama Mdogo, mwekundu safi kama wa mtoto yeyote. Nilikuwa namfungua mdomo kila saa kuhakikisha, mpaka akaning'ata. Ana jino!

Daktari amehesabu askari. Wachache sana bado, anasema tusipige vigelegele. Lakini wana kile kipande. Wanaitwa, wanaitika. Baadaye, Kiherehere akikua, naye atapimwa ajue anabeba nini, na hakuna atakayemficha.

Tumerudi nyumbani juzi, na kengele bado inatumika mpaka askari watoshe.

Kikaratasi chako nilimpa Mama jana. Nilikuwa ndani na Bosi, Fundi na Kiherehere wamesimama mlangoni wakisubiri zamu ya kunawa. Mama alikuwa ameshaingia kwa mtindo wake, nyuma ya mgongo wa Fundi, bila kubonyeza. Nikamwambia ni majina, na unataka nini. Akavaa miwani. Nilifikiri atasema taa haitoshi.

Akayasoma. La kwanza, kisha la pili. Alipofika la pili sauti ilikatika katikati, akarudi mwanzo wa jina akalisema lote. Kiherehere akauliza, "Hao ni nani?"

Mama akasema, "Wajomba zako. Wa Bibi Mdogo."

"Wako wapi?"

"Walikuja mapema," akasema. "Hatukujua kuwapokea."

Akanirudishia kikaratasi, akatoka, akafunga mlango. Nikajua anakwenda kulia jikoni. Tukasikia kengele.

Fundi akanitazama, mimi nikamtazama Fundi. Ikalia tena, fupi, kama mtu anayeogopa kuivunja. Nikamfunika Bosi, nikafungua. Alikuwa amesimama pale nje, mikono ameiweka tayari kwa kunawa, anasubiri aambiwe karibu. Nikamwambia karibu, Mama.

Hajaandika bado. Ameniuliza tu kama kutoka kwako kuna basi la moja kwa moja au ni mpaka ubadilishe njiani. Nimemwambia sijui, ulizia mwenyewe.

Kuna jambo moja la mwisho. Jana Fundi amekaa juu ya ngazi jioni nzima. Nikamuuliza unatengeneza nini, kengele si nzima? Akasema, "Mama yako mdogo akibonyeza, atajuaje kama tumesikia?" Amevuta waya mwingine, amefunga taa ndogo nje, juu ya mlango. Sisi tukiitikia huku ndani, inawaka.

Tumeijaribu. Kiherehere aliziba masikio akabonyeza, Bosi nikamwekea kidole chake kwenye swichi ya ndani.

Iliwaka, Mama Mdogo.

Kipilipili wako